Msumari wa Rehani

Juu ya Mkuyuni,
9 Februari 2025

Mjomba wangu Sufiani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba upepo wa Gairo haujakupeperusha. Huku hatujambo. Dada yako, yaani mama yangu, goti linamsumbua lakini mdomo wake mzima kabisa. Anakusalimu na anauliza kama Shadia bado anakunyima chumvi. Mwanangu Faraja ameanza darasa la kwanza na tayari anamsahihisha bibi yake. Ndizi zimezaa vizuri, iliki imeliwa na panya.

Najua simu huisikii, miaka arobaini ya injini imeyala masikio yako. Ujumbe nao anakusomea Shadia, na jambo hili sitaki binti yako alisome. Kwa hiyo barua nimempa Wilfred wa Fuso la ndizi, naye atamkabidhi kondakta wa basi la Gairo pale stendi ya Msamvu. Ikichelewa, usinilaumu mimi, ilaumu barabara.

Mjomba, vifaa vya kukwamulia magari vinaibwa. Halafu vinarudishwa.

Wiki mbili zilizopita, baada ya mvua ya siku mbili, mwalimu mmoja alikwama pale konani. Nilipofungua sanduku la vifaa bandani nimtolee kamba nene ya kuvutia, niliikuta imelowa na ina tope jekundu la mtoni. Niliiweka kavu mwenyewe. Kufuli lilikuwa zima na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nikamuuliza jirani yetu Kibwana kwa utani kama amejifunza uchawi, akanuna siku tatu. Alhamisi iliyopita asubuhi nikakuta kamba haipo kabisa, wala puli ya kuipitishia, wala zile pete mbili za chuma za kuungia. Ijumaa jioni vyote vilikuwa vimerudi ndani ya sanduku lililofungwa. Kamba ilikuwa imekunjwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto. Wewe na mimi hatukunji hivyo.

Na kwenye ule msumari wako wa rehani pametundikwa kitu. Tangu utie kufuli mwaka juzi sijawahi kuona kitu pale. Nikakumbuka zamani, sanduku likiwa wazi, dereva aliyekwama anakuja mwenyewe, anachukua kamba, anaacha chake msumarini: saa, leseni, koti. Akirudisha kamba anachukua chake, na hakuna mtu mwingine anayekigusa. Miaka ishirini hatukupoteza hata pete moja, mpaka ile jeki yako ndefu ilipoibwa.

Kilichotundikwa ni ndala moja ya bluu, ya mguu wa kushoto. Mkanda wake umekatika ukafungwa kwa waya wa shaba. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Mwanaheri


Gairo,
21 Februari 2025

Mpwa wangu Mwanaheri,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, bila shaka cha kondakta. Mimi mzima, mguu uliovunjika sasa unakanyaga kwa fimbo. Chumvi bado naiba jikoni Shadia akienda sokoni. Mahindi ya huku yananyauka, huko kwenu mvua inamwagika bure. Mwambie dada yangu goti halitaki maneno, linataka mafuta ya nazi.

Sasa sikiliza. Mwizi wa vyuma haibi mara moja, kwanza huonja. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamejaa mpaka Bigwa, na puli yangu wanaijua. Mwite fundi Hamza aje na mashine yake. Sanduku lichomelewe kwenye nondo nne, na nondo zizamishwe kwenye zege. Bawaba zigeuzwe zikae ndani. Kufuli liwekewe kikombe cha chuma ili msumeno usilifikie. Kila pete na kila ndoano ipigwe herufi zangu kwa patasi, kisha upake rangi ya manjano, maana chuma chenye rangi na jina kinamtia aibu mnunuzi. Winchi ya kuvutia ya Landrova usiiache na waya nje. Ndoano yake izungushie mnyororo kwenye bampa, na ile swichi ya mkononi ichomoe ukalale nayo. Kamba usiianike uani, mtu anahesabu mali yako kwa macho kabla ya kuihesabu kwa mikono.

Mwaga majivu kwenye kizingiti cha banda. Mwizi anaweza kuficha uso, nyayo hazifichi.

Funguo ni mbili tu, mmoja unao wewe, mwingine ninao mimi hapa chini ya mto. Usimwazime mtu chochote mpaka nirudi, hata akilia.

Ndala itupe mtoni. Usiulize watu.

Mjomba wako,
Sufiani


Juu ya Mkuyuni,
10 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Mama amefunga pamoja na goti lake, anasema wote wawili watafuturu. Faraja anafunga mpaka saa nne asubuhi kisha anajitangazia ruhusa. Wilfred alikwama siku mbili njiani ndiyo maana barua yako imenifikia wiki iliyopita.

Kwanza nikutanie kidogo, kisha nikuogopeshe. Umeniandikia ukurasa mzima wa kufuli na mstari mmoja wa ndala. Mjomba ninayemjua mimi angeuliza ni ya nani, imetoka wapi, saizi gani. Wewe hukuuliza hata moja.

Yote uliyosema nimefanya. Hamza alikuja kutoka Bigwa, akachomelea mpaka sanduku likawa gumu kuliko moyo wa mdai. Herufi nimepiga, rangi nimepaka, mnyororo nimezungusha. Majivu nimemwaga. Ndala niliitupa mtoni kwa mkono wangu, pale daraja la magogo lilipokuwa, nikaisindikiza kwa macho hadi ikapotea kwenye povu.

Siku ya tatu ilikuwa imerudi msumarini. Inadondosha maji.

Na majivu yalikuwa na nyayo. Zimeingia mpaka kwenye sanduku, zimesimama, zimetoka. Mguu wa kulia una ndala. Wa kushoto mtupu, vidole vyote vitano vinaonekana, na kidole kidogo kimepinda. Nimeziangalia na Kibwana mchana kweupe. Kibwana ameacha kununa, sasa ananionea huruma, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Kuna jingine. Siku za mvua, alasiri, nasikia honi ya lori kutoka mtoni. Tatu fupi, moja ndefu, ile ishara ya dereva aliyekwama. Jana nilishuka na Landrova mpaka ukingoni. Hakukuwa na gari. Maji tu, na vijana wawili wakikata majani ya ng'ombe upande wa pili, wao hawakusikia kitu.

Mjomba, kama unajua jambo, niambie. Mimi ndiye ninayefungua sanduku hilo.

Mwanaheri


Gairo,
19 Machi 2025

Mwanaheri,

Marahaba. Sisi wazima. Karanga zinavunwa.

Usishuke tena mtoni ukisikia honi. Hasa Ijumaa. Mnunulie mama yako tende kwa niaba yangu.

Umesema tatu fupi, moja ndefu. Mimi ambaye Shadia akiniita kwa kelele simsikii, nimeanza kuisikia hiyo honi hapa Gairo, alasiri, mahali ambapo hakuna mto wala mlima. Nilidhani ni mguu unaniletea homa.

Badilisha kufuli.

Sufiani


Juu ya Mkuyuni,
5 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo na Idi mubaraka, japo imepita. Tulipika pilau, mama akalia kidogo kwa sababu hukuwepo, kisha akala sahani mbili. Tende alizipenda.

Kufuli sikubadilisha. Uliniambia nisiulize watu, nami kwa mara ya kwanza sikukutii. Siku ya soko niliifunga ndala kwenye gazeti nikashuka nayo Mkuyuni. Nilijua si vizuri kuondoa kitu msumarini, nikaomba radhi kwa sauti, hata sijui nilimwomba nani.

Nilianza kwa wauza viatu vya mitumba, wakacheka. Nikafika kwa Irene, yule mama wa vitumbua, mjane wa Geofrey, dereva wa Njombe aliyezama na lori mwaka 2023 na mwili wake haukupatikana. Sikutaka kumwonyesha yeye. Gazeti lilikuwa limelowa likachanika lenyewe, ndala ikaanguka mbele ya meza yake.

Aliiokota. Aliugeuza ule waya kwa kidole, akasema, "Huu niliufunga mimi. Niliuchomoa kwenye redio mbovu. Alikuwa amevaa hii siku ile."

Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia nimeiokota njiani. Mjomba, nimemdanganya mjane mbele ya vitumbua vyake, na nimefanya hivyo kwa ajili yako bila hata kujua ninaficha nini. Akanirudishia, akasema niirudishe pale nilipoitoa, maana mwenyewe akiitafuta ataanzia hapo. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua: anapoumia zaidi si kifo. Ni kwamba soko zima linaamini Geofrey alikuwa amelewa. Watu wanasema dereva mwenye akili timamu angepanda kilima dakika kumi kuja kuomba kamba kwa mzee Sufiani, na mzee Sufiani aliapa mbele ya mtendaji wa kijiji kwamba hakuna mtu aliyefika. Mtoto wake anaitwa mtoto wa mlevi shuleni.

Mimi nilikuwa naishi Bigwa wakati ule. Hadithi nilisimuliwa na wewe.

Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote ulizonifundisha. Alifika au hakufika?

Mwanaheri


Gairo,
16 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo habari za nyumbani sina, na za huku hazina maana. Nimeandika barua hii mara nne nikachana tatu. La kuvunda halina ubani.

Alifika.

Mwezi mmoja kabla waliniibia jeki ndefu, ile niliyoipata kwa mzungu wa reli. Iliniuma kuliko inavyostahili chuma kuuma. Nikasema basi, ukarimu umekwisha. Nikanunua kufuli, la kwanza katika maisha ya sanduku lile, na sikumwambia dereva hata mmoja. Ijumaa ile ya baada ya Idi nikashuka Bigwa kwenye harusi na ufunguo mfukoni. Mvua ikanyesha. Nikaambiwa kaa, barabara haifai, nami nikakaa, nikala wali wa harusi siku mbili.

Jumapili nilipanda nikakuta watu wamejaa mtoni. Lori lilikuwa limekwama tangu Ijumaa alasiri, maji yakapanda, magogo ya daraja yakaondoka nalo. Nikakimbilia bandani kuchukua kamba. Msumarini palikuwa na ndala moja ya bluu. Kufuli lilikuwa na alama za jiwe. Alikuwa amelipiga, Mwanaheri, amelipiga sana, mpaka jiwe likapasuka. Vipande vilikuwa chini.

Alitundika rehani kwanza, kabla ya kujaribu sanduku, kama tulivyowazoesha. Hakuwa na saa wala koti, akavua kiatu. Kisha akakuta nimefunga. Akarudi kwenye gari lake na mguu mmoja mtupu, na ndala akaiacha, nadhani kwa sababu alitarajia nitatokea wakati wowote nimletee kamba mwenyewe. Alikuwa akipiga honi huku akinisubiri. Watu wa ng'ambo walisema baadaye waliisikia hadi magharibi.

Niliichukua ndala nikaitia ndani ya shati. Vipande vya jiwe nikavitupa migombani. Mtendaji akaniuliza, nikaapa. Irene naye akaniuliza kwa nini mume wake hakuja kwangu, na madereva wote wanajua kamba iko kwangu. Nikamwambia labda hakuwa katika hali yake. Maneno hayo nilisema mimi, soko lilifanya kuyabeba tu. Ndala nikaitupa mtoni jioni ile ile. Ndiyo maana nilijua ya kukwambia ufanye.

Mguu sikuvunja kwa kuanguka kwenye mgomba kama mlivyosikia. Nilikuwa nakimbia honi.

Usimwambie Irene. Nakuomba kama mtu mzima anavyoweza kumwomba mtoto wake.

Mjomba wako


Juu ya Mkuyuni,
27 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, Faraja hajambo. Mimi sijambo na sina amani.

Nimekasirika, na nimekulilia, yote mawili siku moja. Sitamwambia Irene. Si kwa sababu umeniomba, ila kwa sababu neno hilo si langu. Ni lako, nawe ndiye wa kulipeleka pale sokoni kwa miguu yako, huo mzima na huo wa fimbo. Kwetu jina la mjomba humwangukia mpwa. Siku moja wazee watanikalisha mkekani wanivike lako, na watoto wako wataniita baba nami mwanamke. Sanduku nitarithi, Landrova nitarithi, hata deni la utani na Kibwana nitarithi. Uongo huu sirithi. Kama hutauondoa wewe, jina lako nalo sitalipokea, na wazee nitawaeleza kwa nini.

Kufuli nimelikata. Hamza alicheka mpaka akakaa chini, anasema wiki saba zilizopita nilimlipa alifanye lisikatike. Sanduku sasa liko wazi, na nimemwambia kila dereva wa barabara hii. Vyuma vikiibwa, viibwe. Nimefikiri sana, mjomba: msumari ndio uliokuwa ukivilinda miaka yote ile. Mtu aliyeacha kiatu chake kwako hawezi kukuibia.

Ndala nimeirudisha msumarini. Honi bado inalia. Jana ilikuwa ndefu.

Njoo kabla masika hayajakatika.

Mwanaheri


Juu ya Mkuyuni,
14 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anaomba dua tangu Jumamosi na goti amelisahau. Faraja ameniuliza kama babu anajua kuogelea.

Shadia alinipigia simu. Anasema uliondoka Gairo alfajiri ya Ijumaa tarehe 9, bila kuaga, umevaa kanzu ya Idi. Umeacha ufunguo mezani na barua yangu ya mwisho juu yake.

Irene naye amenieleza mengine. Uliteremka kwenye basi dogo saa saba mchana, ukaenda moja kwa moja kwenye meza yake, ukavua kofia. Wauzaji wenzake walikuwepo, ukawaita wasogee wasikie. Ukasema, "Mumeo hakuwa amelewa. Alikuja kwangu, akaweka rehani, akakuta nimefunga. Nilikuona ukiteseka nikanyamaza." Hukumwomba msamaha, anasema, na hilo alilipenda, maana hangejua la kujibu. Alikupa kitumbua. Ulikila umesimama, ukasema kina chumvi, ukashukuru, ukashika njia ya kuja huku wakati mvua inaanza.

Mimi na mama tulikuwa shambani. Hatukukuona.

Alasiri honi ililia mara moja tu, tatu fupi, moja ndefu. Kisha nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu yaanze haya: injini ikiwashwa. Ikanguruma, ikapanda, ikapita kona kuelekea Matombo. Nilitoka mbio barabarani. Hakukuwa na alama ya tairi. Tangu hapo honi haijalia tena, na mvua imenyesha kila siku.

Bandani nilikuta sanduku wazi. Kila kitu kipo, jeki fupi, puli, minyororo, pete zote na herufi zako. Kamba tu haipo. Kwenye majivu kulikuwa na nyayo za watu wawili wakitoka. Wa kwanza ana fimbo. Wa pili ana ndala miguu yote miwili.

Watu wa Mkuyuni wote wametafuta mto, kuanzia pale daraja lilipokuwa mpaka chini kabisa kwenye mashamba ya mpunga, siku nne. Irene ametafuta kuliko sisi. Hawajaona hata fimbo.

Barua hii sijui nimpe nani, Wilfred ameniuliza anwani nikashindwa. Nitaitundika hapa msumarini. Ndala haipo tena, mwenyewe ameichukua. Mahali pake ipo barakashia yako ya Idi, ile aliyoidarizi dada yako, imelowa na bado ina umbo la kichwa chako. Hakuna atakayeigusa, nimemwambia kila mtu, hata mama, ambaye anakuja kuitazama kila asubuhi na kurudi zake.

Mjomba, kamba si kitu, tutanunua nyingine. Njoo uchukue kofia yako.

Mpwa wako,
Mwanaheri